Mimba ya Mgongoni

Shamba la mkonge, Kilosa
2 Machi 1952

Kwa Mama yangu, Mikumi.

Shikamoo Mama. Mimi mwanao Hildegarda ni mzima, na Baba Raheli ni mzima, anaendelea na unyapara wake hapa shambani. Wasiwasi wetu ni juu yako na hayo magoti. Nimempa Tomasi, dereva wa lori, sabuni, chumvi na kanga akuletee. Kanga usimpe mtu, nakujua.

Mjukuu wako Raheli yuko Munisagara na mumewe Timotheo wa reli. Ni mjamzito, nadhani ulishasikia. Atajifungua mvua zikiisha, mwezi wa saba au wa nane. Anataka kuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Nimemwambia asije. Huku kwenye kambi za wakata mkonge ni moshi na harufu ya korona tu, hiyo mashine ya kusaga majani inanuka mpaka kwenye uji. Mtoto mchanga hatapumua.

Kuna jambo limenikera, nikwambie ucheke. Juzi bombani mwanamke mmoja anaitwa Marselina, mke wa mkata mkonge, mtu mzima mwenye watoto wake, alinipa shikamoo mbele za watu. Mimi. Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka bila kuitika.

Naomba kitu kimoja. Nitumie ule udongo mweupe wa kula, wa kule mtoni kwetu. Si wangu. Ni wa jirani yangu mmoja mjamzito. Udongo wa huku ni mwekundu, una ladha ya kutu.

Ni mimi mwanao,
Hildegarda, Mama Raheli

*

Mikumi
17 Machi 1952

Hildegarda,

Marahaba. Anayeandika ni Lukasi, mwalimu wa dini. Yeye kila siku ananiomba nibatizwe, mimi kila siku namwomba aandike barua, kwa hiyo tunaelewana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asisafishe neno. Akimaliza ananisomea, na sauti yake ikianza kupanda kama ya ibadani, najua hapo ameingiza la kwake.

Kanga nimempa mtu. Sabuni ninayo. Magoti yanalia nikiinuka kama mlango wa ghala, nami nimeyaacha yalie.

Sasa huyo jirani. Jirani gani hana jina? Umenitajia Tomasi, umenitajia Marselina ambaye simjui wala sina haja naye, umenitajia mpaka kutu ya udongo wa Kilosa, lakini mjamzito mwenyewe hana jina. Na hana mama wa kumtumia udongo? Situmi.

Na huo moshi. Wewe ulizaliwa jikoni kwangu nina chungu cha maharage motoni. Maharage yaliungua, nyumba ikajaa moshi, na hujaacha kupumua mpaka leo. Mtoto wa kwanza wa binti anazaliwa kwa mama wa binti. Mama anayemwambia binti yake asije, namjua wa aina moja tu, na sitaki kumtaja mbele ya Lukasi kabla hujanijibu.

Kuhusu shikamoo, ulitaka Marselina akusalimie vipi, akuite mkaruke kamba? Ulizaliwa wakati wa njaa iliyokuja nyuma ya vita vya Majimaji. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyepelekwa misheni kufundishwa. Mtu amekupa heshima, umempa mgongo na ndoo. Nimeona aibu mimi niliye mbali.

Niandikie ukweli. Uongo wako hujui kuupika, unanukia mpaka Mikumi.

Mama yako,
Mwanakheri binti Kondo

*

Shamba la mkonge, Kilosa
8 Aprili 1952

Shikamoo Mama.

Hakuna jirani. Ni mimi.

Tangu mavuno ya mwaka jana sijaona siku zangu. Joto linanipanda kutoka kifuani mpaka kichwani, nalowa kama niliyenyeshewa, kisha nasikia baridi. Moyo unanidunda. Nalia ovyo, jana nilimlilia kuku tuliyekuwa tunamchinja. Kiuno kimejaa, gauni langu la kanisani halifungi. Lakini tumbo halitokezi, hilo ndilo lililonitia hofu, nikaenda Mabwerebwere kwa mganga anaitwa Beda. Alinibonyeza kiunoni akasema mimba ipo, ila imekaa mgongoni. Ilikimbilia huko kwa husuda ya watu, sharti iitwe irudi mbele. Amenichanja, na amenipa dawa ya kunywa asubuhi na jioni. Ni chungu sana. Inanitapisha, naye anasema kutapika ndiyo dalili kwamba mtoto anageuka.

Sasa umeelewa habari ya Raheli. Mama na binti wenye mimba hawalali chini ya paa moja, wala hawapokeani watoto. Ni wewe uliyenifundisha.

Mama, mume wangu Vitalis amebadilika. Unajua alivyokuwa, kilabuni kila jioni, na kulikuwa na maneno ya mwanamke. Nilipomwambia, alinyamaza tu. Lakini siku hizi anarudi jua halijazama. Ananishika uso kwa mikono miwili, anausogeza karibu kabisa na wake, ananitazama muda mrefu. Tukienda kanisani ananishika mkono, njiani, watu wanaona. Miaka yote ya ndoa hakuwahi. Huyu mtoto amenirudishia mume.

Na wale watoto wangu wawili tuliowazika mimi na wewe, labda Mungu ananirudishia mmoja. Usimwambie Lukasi aandike maneno makali. Nifurahie.

Mwanao,
Hildegarda

*

Mikumi
29 Aprili 1952

Hildegarda,

Marahaba. Lori la Tomasi lilikwama kwenye matope, barua yako imefika imelowa kama mtoto aliyejikojolea. Lukasi aliianika, akanisomea. Nikamwambia atoke nje kwanza nicheke. Akatoka, nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikamwita.

Huna mimba.

Mimi nimepokea watoto wa Mikumi tangu magari hayajajulikana huku. Wametanguliza kichwa, wametanguliza miguu, mmoja alitanguliza mkono kama anayeomba chumvi. Hakuna aliyetokea mgongoni. Nimepasua mbuzi, nimepasua kuku, nimeona nyati aliyepasuliwa na wawindaji. Mgongoni kuna mfupa. Huyo Beda amekuuzia mfupa wako mwenyewe, nawe unaunywea dawa.

Umekoma, mwanangu. Basi. Hilo si tusi wala ugonjwa. Mimi ilinijia miaka ya nzige. Joto lilinipanda nikiwa kwenye palizi, nikatupa jembe, nikaingia mtoni nikakaa maji yamefika kifuani. Watu wakasimama ukingoni wakasema Mwanakheri amepata kichaa. Nikawaambia waje waniambie humu humu ndani. Hakuna aliyeingia, mto ulikuwa na mamba. Marehemu baba yako alihamishia mkeka wake mlangoni, akisema kulala na mimi ni kulala na jiko. Wewe umelilia kuku. Mimi nililia kwa sababu mahindi yameota.

Halafu ikapita. Siku moja nikajikuta nimelima kutwa nzima bila kuhesabu mwezi, bila matambara, bila kuumwa kiuno. Tangu siku hiyo nimeishi kama mtu mwenye akili zake. Sikuwa mzuri, usinielewe vibaya. Maziwa yalishuka mpaka nayapanga upya nikifunga kanga. Nywele za mbele zilihama. Ndevu zikaja kidevuni, nikizikumbuka nazing'oa. Haunipendezi mwili huu, lakini ndio unaonifikisha shambani, na mwingine sikupewa.

Dawa hiyo imwage, mbali na kuku. Kutapika si dalili ya mtoto kugeuka. Ni tumbo lako linajaribu kukufundisha, kwa kuwa kichwa kimekataa.

Na mumeo. Mwanamume akianza kurudi nyumbani mapema, ama amefukuzwa huko alikokuwa, ama amechoka. Hayo ya kukushika uso, anatafuta nini humo, kunguni? Umemlisha miaka yote, leo unakunywa sumu ili akushike mkono njiani.

Hayo yote nimeyacheka. La Raheli silicheki. Umemfungia mlango mtoto aliye hai kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Ana mimba ya kwanza, anaogopa, hasemi, na mama yake anamwandikia habari za moshi.

Umesahau na nusu nyingine ya niliyokufundisha. Mjukuu wa kwanza hupokewa na mwanamke aliyekoma. Wanaoona siku zao hukaa nje ya mlango wakachemsha maji. Raheli alipozaliwa nilikuwa ndiyo kwanza nimekoma, ndiyo sababu nilikuwa ndani na wewe, nikakushika kiuno. Leo mwili wako umekufungulia mlango huo huo, nawe umeegemea unausukuma ujifunge.

Nenda kwa binti yako. Usiniambie niende mimi. Siendi, nina sababu zangu.

Mama yako,
Mwanakheri binti Kondo

Mimi Lukasi, mwandishi, naomba radhi. Niliomba tuache yale ya maziwa na ndevu, nikakataliwa.

*

Shamba la mkonge, Kilosa
9 Mei 1952

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Ahsante kwa kulitangaza tumbo langu kwa mwalimu wa dini.

Beda alinionya kwamba atatokea mtu wa karibu, wa damu yangu, atakayeikana mimba hii, na kwamba huyo ndiye aliyeifunga. Sikutaka kuamini. Sasa sijui niamini nini.

Wewe ulizika mambo yako miaka ya nzige, unataka na mimi niyazike yangu ili tufanane. Raheli ana mama mkwe, atampokea. Usiniandikie tena mpaka nijifungue.

Hildegarda

*

Mikumi
22 Mei 1952

Kwa mkwe wangu Vitalis, shamba la mkonge, Kilosa.

Tangu umwoe mwanangu hatujasemezana neno linalozidi hodi na karibu. Nikikuona njiani napita porini, na wewe ukiniona unapita porini, mpaka tumechonga vijia viwili ambavyo havikuwepo. Ndivyo inavyotakiwa kati ya mtu na mama mkwe wake. Leo kuna la kusema, kwa hiyo nimempa Lukasi mgongo, natazama ukuta, nasema na ukuta, yeye anaandika. Hii siyo barua yangu. Ni ya ukuta.

Ukuta unasema mkeo hana mimba. Amekoma, kama wanawake wote wanavyokoma. Kuna mwizi huko Mabwerebwere anamnywesha sumu, naye anainywa ili asikupoteze wewe. Nimeuambia ukuta kwamba wewe ni mali hafifu ya kunywea sumu, ukuta ukakubali.

Unalala naye kitanda kimoja. Anatapika asubuhi na jioni, unasikia, unanyamaza. Unyapara wako ni wa nini kama unajua kuhesabu mizigo ya majani ya watu, na mtu wako mwenyewe anakwisha humuoni? Nasikia kilabu umekiacha. Ukuta unauliza ni nani aliyekufukuza. Nasikia pia kutoka kwa Tomasi kwamba unapaka nywele rangi ya viatu, na jua likikuwakia inachuruzika shingoni. Mtu mzima, msimamizi wa watu, ana michirizi kama pundamilia. Umri umekuingia na wewe, Vitalis. Hakuna aliyekucheka. Sasa tunakucheka kwa rangi.

Mnyang'anye hiyo dawa. Mpeleke hospitali. Mwambie humwachi, hata kama ni uongo, uongo mwingine una kazi.

Ukikaa kimya mwanangu akafa, nitakuja hapo kwa magoti haya haya, mchana, mbele ya wakata mkonge wako wote, nisimame nikutazame usoni.

Ukuta wa Mwanakheri binti Kondo

*

Shamba la mkonge, Kilosa
10 Juni 1952

Shikamoo Mama mkwe.

Naomba ukuta wangu uujibu ukuta wako.

Barua yako amenisomea rafiki yangu Simoni, mkata mkonge, naye ndiye anayeandika hii. Aliisoma yote kwa sauti, pamoja na habari ya rangi ya viatu. Hapo alicheka. Nilimwacha acheke, kwa sababu sina mwingine wa kunisomea. Mimi sioni, Mama.

Ilianza mwaka jana kama ukungu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hakuna aliyenifukuza kilabuni. Usiku mmoja nilitumbukia kwenye mfereji wa maji machafu ya korona, nikatambaa kutoka peke yangu, tangu siku hiyo naondoka kazini mapema, maana jua likizama siuoni hata mguu wangu. Mizigo ya majani naikagua kwa kupapasa. Simoni anasimama nyuma yangu ananinong'oneza ni ya nani, na kama mtu amechanganya majani mafupi. Meneja hajajua. Akijua sina kazi.

Mke wangu naye hakujua. Nikimshika uso ni ili nimwone. Nikimshika mkono njiani ni ili nisianguke. Aliponiambia ana mimba, sikusadiki wala sikubisha. Niliona ananipokea kwa furaha kila nikirudi, nikasema moyoni, na aamini hivyo, afadhali kuliko kujua ameolewa na kipofu. Kutapika nilikusikia. Nilisema ni mambo ya wanawake. Hapo ukuta wako umesema haki.

Barua yako ilipofika alikuwa ameshaanguka. Alianguka bombani. Marselina, mke wa mkata mkonge, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, wakasimamisha lori la katani, likampeleka hospitali. Daktari amesema dawa zile zimemuumiza ini, lakini atapona. Mtoto hakuna wala hakuwahi kuwepo. Ni umri wake, alisema.

Amerudi nyumbani. Hasemi na mtu. Nilikaa kitandani nikamweleza yote ya macho yangu. Akauliza neno moja tu, "Kwa hiyo ulikuwa unatafuta njia?" Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani, mpaka leo.

Sijui la kufanya. Naomba radhi kwa kukujibu.

Mkweo,
Vitalis

*

Mikumi
20 Juni 1952

Hildegarda,

Ulinikataza kuandika mpaka ujifungue. Daktari ameshakuzalisha, kwa hiyo naandika.

Nyumba gani hiyo mmeijenga. Mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine ana mtoto wa jicho, nyumba imejaa watoto na hakuna hata mmoja wa kunyonyesha. Mnalala kitanda kimoja, kila mtu anaficha mwili wake kama mwizi anavyoficha mbuzi, na mbuzi analia.

Mumeo nilimtukana. Ya kilabu nayafuta. Ya rangi ya viatu yanabaki.

Ameniambia neno ulilomuuliza. Limekuuma, najua, hata mimi nilipolisikia nilimwambia Lukasi asimame kidogo. Ulidhani anakutazama, kumbe alikuwa anapapasa. Lakini hebu fikiri, badala ya kugeukia ukuta ambao mimi ndiye mwenye kazi nao. Alikuwa na fimbo. Alikuwa na Simoni. Lakini sura aliyokuwa anaogopa kuisahau ni yako. Hajaenda kumshika Simoni uso. Ulitaka nini zaidi, akuone na mikunjo? Mungu amempa ukungu, ushukuru.

Sasa sababu zangu. Mikono yangu inatetemeka. Ilianza kidogo kidogo kabla ya mvua za mwaka jana, sasa kikombe hakifiki mdomoni kimejaa. Mtoto wa mwisho niliyempokea hapa aliniponyoka. Aliangukia kwenye majani ya migomba tuliyotandika, akalia tu, hakuumia. Nikaosha mikono nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo wakinibishia hodi nasema magoti. Wewe umekuwa ukinitumia pole za magoti. Magoti hayana neno. Anayejua ni Lukasi, kwa kuwa anaona uji ulivyo kwenye kanga yangu, na yeye ameapa kwa mambo yake ya kanisani.

Kwa hiyo unaona. Na mimi nimeficha mbuzi.

Siwezi kumpokea mtoto wa Raheli. Mikono iliyobaki katika ukoo huu ni yako. Nimempa Tomasi kifurushi. Kuna uzi wa kufungia kitovu, nimeusokota mwenyewe kabla mikono haijaharibika, na kitambaa, na udongo mweupe. Udongo ni wa Raheli. Wewe usile, huna sababu.

Usinijibu. Inuka uende Munisagara.

Mama yako,
Mwanakheri binti Kondo

*

Munisagara
11 Agosti 1952

Shikamoo Mama.

Barua yako ilikaa chini ya mto nikiilalia, sitaki kuisoma tena wala kuitupa. Siku niliyoinuka kufua shuka ndipo nilipoisoma mara ya pili. Wiki mbili baadaye nikapanda treni.

Raheli hakunikimbilia. Alikuwa amekaa mlangoni na tumbo lake, akasema, "Shikamoo Mama. Ulisema kuna moshi." Nikamwambia moshi umeisha. Nikampa udongo, akautafuna amenipa mgongo, mpaka ulipokwisha hakugeuka. Alipogeuka uso wote ulikuwa umelowa, mdomo mweupe kama wa mtoto aliyeiba unga. Nikamwambia yote. Ya Beda, ya mgongo, ya hospitali. Nilidhani atalia. Alicheka mpaka nikaogopa atajifungua hapo hapo. Anacheka kama wewe, hana huruma.

Mama mkwe wake ni mdogo kwangu, bado anaona siku zake, kwa hiyo alikaa nje ya mlango akachemsha maji. Nilibaki ndani na mwanangu. Mtoto alipoanza kutokeza, joto likanipanda, jasho likanitiririka mpaka machoni. Raheli akaniuliza, "Mama, unaogopa?" Nikamwambia, "Ni mwili wangu una mambo yake. Wewe sukuma." Akasukuma. Nikamdaka, Mama. Hakuniponyoka. Nilimfunga kitovu kwa uzi wako, na nilipokuwa nafunga nilikuona.

Ni msichana. Raheli amempa jina lako. Padre amesema Mwanakheri si jina la kubatizia, tumeongeza Sesilia ili anyamaze.

Baba Raheli alikwenda kwa meneja mwenyewe akasema, kabla hajasemewa. Ameondolewa unyapara. Yuko kwenye uwanja wa kuanika katani, pamoja na wanawake. Anasema katani nyeupe anaiona juani kama taa, na wanawake wanamtania kutwa. Rangi ya viatu ameacha, kumbe kichwa ni cheupe chote. Jioni nikiwa shambani nilikuwa namfuata uwanjani namshika mkono, na sasa Simoni anamfuata mpaka nirudi. Bado inaniuma kidogo. Lakini tukishikana siku hizi hakuna anayedanganywa.

Kabla ya kuja huku nilipita kwa Beda kumrudishia kibuyu chake. Akasema mimba imepotea kwa sababu nimeacha dawa. Nikamgeuzia mgongo, nikamwambia aitafute humo. Watu waliokuwa wanangoja zamu walicheka, wawili wakaondoka.

Na Marselina alinipa shikamoo bombani, siku ile niliyotoka na shuka. Mtu aliyenibeba mgongoni. Nikaitika marahaba, na ile sauti nikadhani ni yako.

Mama, yale niliyokuandikia mwezi wa tano, ya mtu wa damu yangu. Nimekaa na kalamu muda mrefu hapa na sijui niyaseme vipi.

Hildegarda,
bibi yake Mwanakheri

*

Mikumi
25 Agosti 1952

Bibi mwenzangu,

Marahaba. Barua ya mwezi wa tano siikumbuki. Nilimwambia Lukasi aiwashie moto, uji ulikuwa umegoma kuchemka. Ukachemka. Ndiyo faida niliyoipata kwake, na inatosha.

Jina langu mmempa mtoto ambaye hajanikosea kitu. Haya, atalibeba. Hilo la Sesilia ni la padre, mkifika huku mliache kwenye lori.

Mleteni nimwone kabla hajajua kusema, maana akianza kusema na jina hilo hatutaelewana. Mje wote wakati barabara ni kavu. Nyapara wa wanawake naye aje, atalala kwa Lukasi, nyumbani kwangu mkwe halali. Mwambie kwa kuwa haoni anaweza kupita njia kubwa bila wasiwasi. Mimi namwona, kwa hiyo mimi ndiye nitakayepita porini.

Mtoto nitampakata. Lukasi anasema nisijaribu, amekuwa na maneno mengi tangu aone uji ukimwagika kwenye kanga yangu. Nimeshatandika mkeka sakafuni. Nitakaa chini kabisa, wewe utakaa mbele yangu na hiyo mikono yako, ili akiniponyoka asiende mbali.

Mwanakheri binti Kondo, yule mkubwa